Nilivyoachana na programu ya Python 2 hapa Lamu

Mi ndo naangalia kompyuta za gesti moja Langoni. Kuna programu ya kubukia vyumba kijana mmoja alituandikia 2012 kwa Python 2.7, toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu, na madada wa mapokezi walishaizoea kabisa. Shida mashine ilikuwa inatumia Debian 10 (mfumo wa kuendeshea kompyuta, kama Windows), masasisho yake ya usalama yaliisha Juni 2024, na humo mna namba za pasipoti za watu, roho haikunipa. Nikapandisha mpaka Debian 12 na programu ikagoma palepale, maana Debian 12 haina Python 2, wameitoa. Na wana haki, Python 2 ilikuwa iachwe 2015, ikaongezewa muda mpaka 1 Januari 2020.

Nikajaribu kuihamishia Python 3, toleo jipya. Ile 2to3, zana ya kugeuza programu za Python 2 ziwe za 3, ilirekebisha amri zote za print vizuri, lakini kugawanya haigusi. Programu ilikuwa inachukua idadi ya wageni, inaongeza 1, inagawa kwa 2 ipate vyumba. Wageni 6, Python 2 inasema 3, nusu inaitupa. Python 3 ikasema vyumba 3.5! Nikatibu hiyo ikazuka nyingine, halafu nyingine, wiki mbili usiku nahangaika na programu ambayo aliyeiandika keshahama. Nikamwendea mwenye gesti, nikamwambia mzee wangu hii tuiache. Akanitazama, "Na wageni wangu wa miaka yote hiyo, mwanangu?"

Hilo ndo swali lenyewe. Data ilihifadhiwa kwa pickle, namna ya Python yenyewe ya kuhifadhi data, ukiifungua na Python 3 inakurushia UnicodeDecodeError, yaani imeshindwa kusoma herufi, kwa sababu ya majina kama François. Bahati kuna laptop kuukuu ilibaki na 2.7, nikaandika skripti fupi humohumo ikatoa kila kitu kwa CSV ya UTF-8 (faili la maandishi ya kawaida, kila mgeni mstari wake, linalobeba herufi za lugha zote), nikahesabu mistari huku na huku, 3,118 kwa 3,118, François akatoka na mkia wake chini ya c. Asikwambie mtu ufute kitu kabla hujahesabu hivyo.

Sasa tunatumia LibreOffice Calc, programu ya majedwali kama Excel, shiti moja kwa mwezi, dada wa zamu ya asubuhi alijifunza kwa siku mbili na sasa anawafundisha wenzake. Ile laptop nimeikata intaneti, iko kabatini kwa mzee mpaka Maulidi yapite, wageni wakishaondoka wote ndo nitaifuta.