Mji Ulio Karibu na Maiti

Somo: Kumbukumbu la Torati 21:1–9

Bwana asifiwe, wapendwa.

Somo la juma hili halina mstari wa kubandika ukutani. Mtu amekutwa kondeni, ameuawa, na aliyemuua hajulikani. Torati haielezi marehemu alikuwa nani wala alikuwa akienda wapi. Inawaamuru wazee na waamuzi watoke mjini, wafike pale alipolala, wapime umbali kutoka kwenye maiti mpaka miji iliyo kandokando. Ukishajulikana mji ulio karibu zaidi, wazee wake wanatwaa mtamba ambaye hajawahi kufungwa nira, wanamteremsha kwenye bonde lenye maji yanayotiririka, ardhi isiyolimwa, wanamvunja shingo, kisha wananawa mikono juu yake na kusema: “Mikono yetu haikumwaga damu hii, wala macho yetu hayakuiona.”

Makanisani kwetu sikumbuki kusikia mahubiri juu ya sura hii. Wayahudi hawana njia ya kuikwepa. Torati yao imegawanywa kwa majuma ya mwaka mzima, na sehemu hii, Shoftim, huwafikia mwanzoni mwa mwezi wa Eluli, wakati wa kujihoji kabla ya Mwaka Mpya na Siku ya Upatanisho. Wanasoma wawili wawili, kwa sauti, huku wakibishana. Wala si ubishi wa kugombana. Kwao andiko lisilobishaniwa bado halijasomwa.

Swali lao juu ya wazee hawa ni la zamani sana. Limo katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale uliokamilika yapata mwaka 200: hivi kuna aliyewadhania wazee wa mji kuwa ndio wauaji? Kwa nini basi waape kwamba hawakumwaga damu? Jibu la walimu ni kwamba wazee wanaapa jambo zito kuliko hilo. Wanasema: mtu huyu hakufika kwetu tukamwacha aondoke na njaa, hatukumwona tukamwacha ashike njia peke yake bila wa kumsindikiza. Anayeshindwa kusema hivyo kwa dhamiri safi, kunawa hakumsaidii.

Nimeileta sura hii kwa sababu ya namna masinagogi ya Marekani yanavyojifunza habari ya haki kati ya watu wa rangi mbalimbali. Tangu George Floyd, Mmarekani mweusi, alipouawa na polisi mjini Minneapolis, tarehe 25 Mei 2020, makusanyiko mengi ya Kiyahudi yalianza, na mengine yakaongeza bidii, kukaa chini na kusoma historia ya nchi yao pamoja na Torati yao. Waumini ni watu wa kawaida, mwalimu, daktari, mstaafu. Wamo pia Wayahudi weusi, ambao wengi wao husimulia jinsi wanavyoulizwa mlangoni kama wamekuja kutembelea.

Mtu angeweza kuwauliza: ninyi nanyi mna deni gani? Babu zenu wengi waliingia Marekani baada ya utumwa kukomeshwa, wakikimbia kuuawa Urusi na Poland. Ni swali la haki, na wao wenyewe hulileta mezani. Ila historia hailimalizi kirahisi hivyo.

Tarehe 4 Januari 1861, miezi michache kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Rabi Morris Raphall wa New York alisimama mimbarani na kufundisha kwamba Biblia haikatazi utumwa. Alikuwa msomi, na wenye watumwa wa Kusini walifurahi kuipata hoja hiyo kutoka kinywani mwa mtu wa Agano la Kale. Rabi David Einhorn wa Baltimore alimjibu kwa maandishi. Kwake ilikuwa aibu kwamba watu ambao kila mwaka hukaa mezani kumshukuru Mungu kwa kutolewa Misri watetee minyororo ya wengine. Maryland lilikuwa jimbo la watumwa, na Aprili ya mwaka huohuo, ghasia zilipozuka Baltimore, Einhorn alilazimika kukimbilia Philadelphia na familia yake. Marabi wawili, Torati moja. Leo sinagogi linalojifunza kwa uaminifu linawasoma wote wawili, kwa kuwa wote ni wazee wa mji uleule.

Tushuke Atlanta, mji wa Kusini, maana hapo ndipo jambo linapokuwa gumu kweli.

Kusanyiko kongwe la Kiyahudi la mji huo linaitwa The Temple. Mmoja wa waumini wake alikuwa Leo Frank, meneja wa kiwanda cha penseli. Mwaka 1913 msichana wa miaka 13, Mary Phagan, alikutwa ameuawa kiwandani humo, na Frank akahukumiwa kifo katika kesi iliyoendeshwa huku umati ukipiga kelele nje ya mahakama. Gavana aliupitia ushahidi upya, akaibadilisha adhabu kuwa kifungo cha maisha. Usiku wa kuamkia 17 Agosti 1915 kundi la watu, wakiwemo wenye vyeo, lilimtoa gerezani, likamwendesha kwa gari mpaka Marietta, karibu na Atlanta, na kumnyonga mtini. Watu walikuja kumtazama, wakapigwa picha karibu na maiti, na picha zikauzwa kama kadi za posta. Uchunguzi wa kifo ukaandika kwamba aliuawa na watu wasiojulikana.

Watu wasiojulikana. Msomaji wa Kiswahili hahitaji nimfafanulie, nami sitaongeza neno. Nitasema tu kwamba Torati inatoa sheria ya mtamba kwa kifo ambacho kweli muuaji wake hajulikani. Kule Marietta nyuso zilikuwa kwenye picha. Ndivyo ilivyoandikwa pia katika vifo vya Wamarekani weusi wengi waliouawa na makundi ya watu mchana kweupe, watoto wakiwa wameletwa kutazama.

Kusanyiko la Frank lingeweza kukaa na jeraha hilo na kusema: sisi ndio tuliouawa, msituulize habari za wengine. Kwa miaka mingi lilinyamaza kwa hofu, na sioni ajabu. Lakini hata katika kesi ya Frank lipo jambo linalouma. Mawakili wake, wakipigania maisha yake, walimshambulia shahidi mkuu wa mashtaka, mfagizi mweusi, kwa matusi ya rangi yake, wakitegemea baraza la mahakama, la wazungu watupu, limwone mtu mweusi kuwa mwongo kwa asili. Aliyeonewa naye akaokota fimbo ileile. Kusoma habari hiyo mkiwa watu wa ukoo wa aliyenyongwa kunahitaji moyo.

Mwaka 1946 alifika rabi mpya, Jacob Rothschild, mtu wa Pittsburgh. Alianza kuhubiri dhidi ya ubaguzi mapema, tena katika sikukuu kuu, siku ambazo hata wasioonekana mwaka mzima huja. Wengi walimwomba apunguze. Si kwamba waliupenda ubaguzi; walimkumbuka Frank. Kabla ya mapambazuko ya Jumapili, 12 Oktoba 1958, vijiti vya baruti vipatavyo 50 vililipuka ubavuni mwa The Temple na kuubomoa ukuta. Saa chache baadaye mamia ya watoto wangekuwa wameketi katika madarasa ya Jumapili. Kati ya walioshtakiwa, mmoja tu ndiye kesi yake ilisikilizwa, tena mara mbili, mwishoni aliachiwa. Hakuna aliyepatikana na hatia mpaka leo.

Ralph McGill, mhariri wa gazeti la Atlanta Constitution, aliandika siku ileile tahariri iliyochangia kumpa Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani. Hakukaa kumtafuta aliyewasha utambi. Aliwaelekezea kidole viongozi na wahubiri waliokuwa wakihimiza watu wakaidi amri za mahakama kuhusu watoto weusi na weupe kusoma shule za pamoja, kisha wakishtuka ukuta ukianguka. McGill hakuwa Myahudi, lakini alikuwa akifanya kazi ya wazee wa sura ya 21: alikwenda na kamba, akapima. Ijumaa iliyofuata waumini walijaa kuliko kawaida, na Rothschild akahubiri kutoka Mika 4:4, “wala hapana mtu atakayewatia hofu.” Waliokuwa wakimwomba apunguze sasa walijua kwamba kunyamaza hakukuwa kumewalinda.

Makusanyiko mengi siku hizi husafiri pamoja hadi Alabama kama sehemu ya mafunzo yao. Mjini Montgomery kuna ukumbusho uliofunguliwa Aprili 2018 na shirika la Equal Justice Initiative la wakili Bryan Stevenson. Una nguzo za chuma zaidi ya 800, moja kwa kila kaunti ambako watu weusi waliuawa na makundi kati ya 1877 na 1950, na majina ya waliouawa yamechongwa juu yake. Waliothibitishwa ni zaidi ya 4,000. Unapoingia, nguzo ziko usawa wa macho yako na unasoma majina kama unayesoma barua. Kisha sakafu inaanza kuteremka na nguzo zinabaki juu, mpaka mwisho unatembea chini yake ukiinua shingo. Nje zimelazwa nguzo nyingine, nakala ya kila moja, zenye majina yaleyale, zikingoja kaunti husika ije ichukue ya kwake na kuisimamisha nyumbani.

Sijui kama waliobuni ukumbusho huo walikuwa na Kumbukumbu la Torati 21 akilini, lakini mtu aliyetoka kuisoma haachi kuiona. Nguzo haimwulizi mgeni kama babu yake alishika kamba ya kunyongea. Inataja mahali, na kumwuliza anaishi umbali gani kutoka hapo.

Sisi Wakristo tuna shida yetu na sura hii. Tukisikia kunawa mikono tunamkumbuka Pilato tu. Pilato alinawa akiwa kitini, mbele ya mtu aliye hai ambaye alikuwa na uwezo wa kumwachia. Wazee wa Torati wananawa baada ya kutembea mpaka kwenye maiti, kupima, kushuka bondeni na kuomba. Na mstari unaofuata maneno ya Pilato, Mathayo 27:25, ulitumiwa na wahubiri wetu kwa karne nyingi kuwatwika Wayahudi wote damu ya mtu mmoja, na damu nyingi ikamwagika kwa mahubiri hayo. Kwa hiyo tunapojifunza kutoka kwao namna ya kuusoma wajibu wa mji mzima, tusome tukiwa na adabu.

Juma hili someni Kumbukumbu 21:1–9, kisha Mathayo 27:24–25, wawili wawili na kwa sauti, kama wafanyavyo wao. Kabla ya kuanza kubishana juu ya maana, kila mmoja amtajie mwenzake mahali pamoja karibu na kwake ambapo damu ilimwagika na ikaandikwa kwamba hajulikani aliyeimwaga. Sala msitunge mpya. Ipo tayari katika mstari wa 8.