Pai ya maembe mabichi bila oveni

Ukitaja pai hapa Nairobi, mtu hufikiria ile ya nyama, yenye ganda linalopukutikia shati. Ya matunda wengi wetu tumeiona kwenye televisheni tu, nayo huwa ya matufaha. Mimi niliitaka ya matunda, niioke mwenyewe nyumbani Umoja, kwenye nyumba isiyo na oveni, na matufaha sikuyataka. Mengi ya yanayouzwa hapa mjini hutoka Afrika Kusini, na bei yake inasema wazi kwamba yametoka mbali. Halafu ilikuwa Januari, maembe ya Makueni yamefurika hadi kwenye mikokoteni.

Embe la pai silo lile la kula. Lililoiva likipata moto linageuka uji, na utamu wake hauna kitu cha kuupinga. Nilimwomba mama mboga anichagulie yaliyokomaa lakini bado magumu.

"Ya achari?" akauliza.

"Ya pai."

Akanitazama kidogo. "Basi ni kama ya achari tu," akasema, akaanza kuyabonyeza moja moja kwa kidole gumba.

Alikuwa sahihi. Embe la namna hiyo, lenye nyama iliyoanza tu kupata rangi ya njano karibu na kokwa, lina uchachu na ugumu wa kutosha kustahimili moto bila kuvurugika. Nikilionja na tufaha chachu, naona embe linashinda, kwa sababu lina harufu.

Nilimenya, nikakata vipande vyembamba hadi nikapata kama kilo moja ya nyama tupu. Nikavichanganya na gramu 150 za sukari, chumvi kidogo, mdalasini na iliki niliyoitwanga wakati huohuo. Iliki ya unga wa pakiti huwa imeshalala, usijisumbue nayo. Nikayaacha maembe kwenye chujio juu ya bakuli kwa karibu saa moja. Sukari huvuta maji kutoka kwenye tunda, na maji hayo ukiyaingiza yote kwenye pai, ganda la chini litalowa na halitaiva kamwe. Lakini usiyamwage, ndimo ladha ilimo. Niliyachemsha kwenye sufuria ndogo hadi yakawa mazito kama asali, nikayarudisha kwenye maembe pamoja na vijiko vitatu vya konflawa.

Sasa ganda. Unga wa ngano wa kawaida, gramu 300, wala si ule uliochanganywa na hamira ya unga. Siagi gramu 150 na mafuta ya mgando gramu 75. Siagi inaleta ladha, mafuta yanafanya ganda livunjike kwa ulaini. Siagi nilikuwa nimeigandisha kwenye friza la jirani usiku kucha (langu ni friji dogo lisilogandisha chochote), nikaikwaruza moja kwa moja juu ya unga kwa kikwaruzo cha karoti. Kwa joto la Januari njia hii inaokoa muda, maana vidole havigusi siagi hadi mwisho.

Hapa ndipo mkono uliozoea chapati unapokuwa adui. Chapati tunaikanda mpaka unga ulainike na kuvutika. Ganda la pai halitaki kukandwa. Ukilikanda linavutika, linarudi nyuma ukilisukuma, na likiiva linakuwa gumu kama soli. Vipande vya siagi vinapaswa kubaki vikionekana, vyeupe na vya njano, kama vimemwagwa ovyo. Ndani ya moto vinayeyuka, maji yaliyomo yanageuka mvuke, na mvuke unanyanyua tabaka. Kwa hiyo nilinyunyiza maji ya barafu kijiko kimoja kimoja, saba kwa jumla, nikakusanya unga bila kuukanda mpaka ukashikana kwa shida, nikaufunga na kuuweka kwenye friji nusu saa. Ukiutazama hapo utadhani haujakamilika. Umekamilika.

Kuhusu moto, mwalimu wangu alikuwa mama mmoja wa Lamu anayeishi ghorofa ya chini, anayeoka mkate wa mayai kwa makaa tangu akiwa msichana. Nilimshukia na shikamoo, nikamweleza.

"Pai sijui," akasema, "lakini kupalia najua. Mwanangu, moto wa juu ndio unaooka. Wa chini unaunguza tu. Makaa mengi weka juu ya mfuniko, machache chini."

Tulioka uani kwake, na nasisitiza uani, maana moshi wa makaa una gesi ya sumu isiyo na harufu, na jiko likiingizwa ndani ya chumba kilichofungwa linaua. Jiko lilikuwa lile la bati lenye udongo ndani. Juu yake sufuria kubwa nzito, ndani yake tabaka la mchanga mkavu, na juu ya mchanga mawe matatu madogo ya kuinua sahani ili hewa ya moto izunguke. Sahani iwe ya bati. Ya kioo inaweza kupasuka kwa moto wa namna hii, na bati hulipitishia ganda la chini joto haraka. Sufuria ipashwe moto kwanza, tupu, na mfuniko wake wa makaa.

Nilisukuma nusu ya unga nikatandika kwenye sahani, nikajaza maembe, nikafunika kwa nusu ya pili, nikabana kingo kwa uma, nikapaka yai na kukata mipasuko minne katikati ili mvuke upate pa kutokea. Dakika ishirini za kwanza makaa ya juu yalikuwa mekundu kabisa, kisha yule mama akapunguza machache kwa koleo. Hakutazama saa hata mara moja. Alikuwa akinusa.

Rangi ya ganda isikudanganye. Linaweza kuwa la dhahabu na konflawa ndani bado mbichi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo ni lazima rojo ichemke kwa muda ndipo iwe nzito. Tulingoja tukaona mapovu mazito, ya polepole, yakitoka kwenye mipasuko, si pembeni tu bali katikati. Ilichukua karibu saa nzima.

Kisha kuna subira, nayo ndiyo sehemu ngumu. Pai ikikatwa moto, rojo inamwagika yote. Ipoe saa tatu au nne, ishikane. Watoto wa ploti walikuja mara kwa mara kuuliza kama imepoa, na yule mama akawa anawajibu, "Bado, nendeni mkacheze."

Mabaki ya unga niliyasukuma membamba, nikanyunyiza sukari na mdalasini, nikayaoka ndani ya sufuria ileile kabla makaa hayajazima. Ndiyo yaliyowatuliza.