Ukungu kwenye kioo cha gari, na mimi kufuta upande usiofaa

Mwezi Mei, mvua ya mwaka imekoleza, natoka Nyali, Mombasa, saa kumi na moja alfajiri. Kufika darajani kioo cha mbele kimekuwa cheupe kama maziwa. Nikafuta kwa kitambaa mara tatu, wapi! Nikasogea pembeni baada ya daraja, nikatoka, nikapitisha kidole kwa nje. Mstari ukabaki safi. Kumbe nafuta ndani, ukungu uko nje!

Sababu ni kiyoyozi. Nilikuwa nimekiweka baridi ya mwisho, upepo unapiga kioo moja kwa moja. Kioo kikapoa, na hewa ya pwani ilivyojaa unyevu, matone ya maji yakashika juu yake kama kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Nikawasha waipa, nikageuza upepo uje miguuni, nikapunguza baridi. Kikasafika.

Jioni yake mambo yakageuka. Abiria wanne wamelowa chapachapa, ukungu sasa uko ndani. Hapo kiyoyozi ndicho dawa, maana hukausha hewa: nikakiwasha, nikaweka joto kidogo, upepo nikauelekeza kiooni, na nikazima kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Hicho kitufe ndicho kilichokuwa kikinimaliza. Pumzi za watu watano zinazunguka humo humo.

Kesho yake nikaanika mazulia ya miguuni. Yalikuwa yanatoa maji ukiyakamua.