Nilivyopaka hina kwenye harusi ya Kiyahudi

Mimi ni mpaka hina. Nimezaliwa Mombasa, sasa niko London, na wateja wangu wengi ni Waswahili, Wasomali na Wahindi. Juni mwaka jana dada mmoja akanipigia simu: hina Jumapili, harusi Jumanne ya wiki inayofuata. Nikahesabu kwa vidole. Siku tisa! Kwetu hina hupakwa siku moja au mbili kabla, bibi harusi atoke ikiwa imekolea. Siku tisa itakuwa imeshachujuka. Nikamwambia. Akacheka, akasema wao ni Wayahudi na siku haibadiliki.

Kwao mama ni wa asili ya Morocco, na Wayahudi wa huko hina wanaijua kama tunavyoijua sisi. Bwana harusi ni Ashkenazi, upande wa Ulaya Mashariki, na wengi wao wana desturi kuwa wachumba wasionane wiki nzima kabla ya ndoa. Hina ya Kimorocco nayo inamtaka bwana harusi awepo, apakwe pia. Basi wakairudisha nyuma, ikatoka nje ya ile wiki. Jumanne kwao ni siku ya heri: ni siku ya tatu tangu Jumapili, na katika kitabu cha Mwanzo siku ya tatu ndiyo Mungu aliona kuwa ni vyema mara mbili. (Sisi twaiita ya nne kwa sababu twaanza kuhesabu Jumamosi.)

Jumamosi nikamtumia picha za nakshi achague. Kimya. Nikapiga, hapokei. Nikajua kapata mwengine. Saa nne na nusu usiku ndipo simu ikalia. Sabato! Juni hapa jua linachelewa kuzama, na wao hawagusi simu mpaka nyota zitoke.

Kesho yake nikafika na koni zangu na kopo la visheti nilivyokaanga mwenyewe. Mama akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaviweka juu ya kabati. Hakula mtu. Baadaye bibi harusi akanieleza kwa upole kuwa jiko langu si kosher, yaani halifuati sheria za chakula za dini yao, hata kama ni unga na sukari tu. Sikuona vibaya, mimi nami huuliza nyama imechinjwa na nani. Ningeleta maua.

Walianza na ya upande wa mume. Hati ya masharti ya uchumba, wanaiita tnaim, ikasomwa na mashahidi wakatia saini. Kisha mama wawili wakashika sahani iliyofungwa kitambaa, wakaipiga kwenye mgongo wa kiti. Haikuvunjika. Watu kicheko. Mara ya pili ikalia kraa! Sahani ikishavunjika haiungiki, na ahadi ile nayo isirudishwe nyuma. Wasichana wakagombania vigae.

Bibi harusi akaingia amevaa vazi la mahameli ya kijani lenye zari za dhahabu, keswa el kebira, zito hata shangazi zake wamemshika huku na huku. Vikapigwa vigelegele, vilevile kama vyetu. Nikashindwa kujizuia, nikapiga changu. Nyanya yake akageuka kunitazama.

Yule nyanya ndiye aliyenipa kazi. Aliona koni zangu akatikisa kichwa. Alitaka bakuli: hina ya donge, iwekwe kiganjani. Yangu nilikuwa nimeichuja iwe laini kwa ajili ya nakshi; kiganjani ingechuruzika yote. Nikakamua koni sita bakulini, nikaongeza unga wa hina kavu kidogo kidogo, naye akadondoshea marashi ya mawaridi, mpaka ikashikana kama udongo wa kufinyangia. Akatia kidole. "Benti," akaniambia, na kwa Kiarabu cha kwao ni binti yangu. Nikaitika, "Naam, bibi."

Akaweka donge kiganjani mwa bibi harusi, juu yake sarafu, akafunga utepe. Halafu bwana harusi, halafu wageni, nami pia.

Nakshi nilichora mwisho, nyuma ya mikono, kwa koni mbili zilizobaki. Bibi harusi akataka kujua: kabla ya harusi ataingia mikve, birika la kujitoharishia, na humo kitu hakitakiwi kuzuia maji yasifike mwilini. Nikamwambia kwetu rangi ya kucha huzuia udhu lakini hina haizuii, maana inabaki rangi tu. Akasema rabi wao kamjibu vivyo hivyo. Nikamsisitizia abandue magamba yote kwa mafuta, asibakishe hata moja.

Siku hizi mteja Myahudi akipiga, kwanza namuuliza: nakshi au donge? Na nabeba unga mkavu.

Jumatano baada ya harusi yule bibi harusi alinitumia picha ya mikono yake yenye pete. Maua yangu nyuma ya mikono yamebaki kivuli. Alipogeuza kiganja, duara la nyanya bado jekundu.