Althea Gibson, bingwa wa Wimbledon aliyeacha tenisi kwa ajili ya njaa

Kila Wimbledon ikianza watu wanarudi kwenye ubishi ule ule wa nani mkali wa muda wote, Serena, Graf, Navratilova, na ukiuliza mwanamke mweusi wa kwanza kuchukua Wimbledon ni nani, wengi wanakwambia Venus Williams mwaka 2000. Hapana jamani. Ni Althea Gibson, mwaka 1957, halafu 1958 akarudi akautetea ubingwa wake. Na hata wanaomjua huwa wanasimulia mpaka pale anapokabidhiwa tuzo, mweusi wa kwanza, basi, stori imeisha. Mimi kinachoniuma ni kilichofuata baada ya hapo, kwa hiyo leo naomba mnivumilie niiseme yote.

Alizaliwa tarehe 25 Agosti 1927 sehemu inaitwa Silver, South Carolina. Wazazi wake walikuwa wanalima pamba kwenye ardhi ya watu kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, maisha yakawabana, wakahamia New York, Harlem, mtaa wa 143. Sasa bahati ilikuwa hapo, maana kipande chao cha mtaa polisi walikuwa wanakifunga magari yasipite ili watoto wacheze, na mchezo mmojawapo ulikuwa tenisi ya vibao, kiwanja kidogo, badala ya raketi unashika kibao. Akiwa na miaka 12 tu alishakuwa bingwa wa wanawake wa jiji la New York kwenye mchezo huo! Shule ndo hakuitaka kabisa, mtoro kwelikweli, baba yake anamchapa na huku anamfundisha ngumi ili mtaani asionewe na mtu. Aliyemtoa kwenye vibao ni Buddy Walker, mwanamuziki aliyekuwa anasimamia michezo ya watoto pale mtaani, alimnunulia raketi za mtumba akamwambia aanze kupiga ukutani, kisha watu wakachangishana aingie klabu ya tenisi ya weusi ya Cosmopolitan, na kocha wake wa kwanza, Fred Johnson, alikuwa mtu wa mkono mmoja.

Muelewe kwamba wakati huo Marekani tenisi ilikuwa ni dunia mbili. Weupe wana chama chao na mashindano yao, yale makubwa yote, na weusi wana chama chao, ATA. Althea huko ATA alichukua ubingwa wa wanawake mara 10 mfululizo, 1947 mpaka 1956, lakini kabla ya hapo alipoteza fainali ya 1946 na siku hiyo walikuwepo madaktari wawili weusi, Hubert Eaton wa Wilmington na Robert Johnson wa Lynchburg, ambao kila mmoja alikuwa na kiwanja cha tenisi nyumbani kwake. Wengine wanaona binti kafungwa, wao wakaona bingwa. Wakakubaliana kumlea, muda wa shule akae kwa Eaton, likizo za kiangazi akae kwa Johnson azunguke naye kwenye mashindano. Binti wa miaka 19 akarudi kukaa darasani sekondari na watoto, akamaliza 1949. Na huyu Dr. Johnson ndiye baadaye akaja kumlea na Arthur Ashe, yule ambaye uwanja mkubwa wa US Open umepewa jina lake.

Pamoja na kushinda kote huko, mashindano ya taifa ya Forest Hills (ndiyo US Open ya leo) hawakumwalika mpaka 1950, na walimwalika baada ya kuumbuliwa. Alice Marble, mzungu, bingwa wa zamani wa Wimbledon, aliandika kwenye jarida la tenisi la Marekani mwezi Julai kwamba kama huu ni mchezo wa waungwana basi tuwe waungwana kweli tuache unafiki. Mwezi uliofuata Althea akawa uwanjani.

Mechi yake ya raundi ya pili pale huwa naifikiria sana. Anacheza na Louise Brough, bingwa wa Wimbledon wa wakati huo, siyo mtu wa mchezo mchezo. Seti ya kwanza Althea anapigwa 6-1, ya pili anajibu 6-3, ya tatu wanavutana mpaka anaongoza 7-6, anataka gemu moja tu amtoe bingwa, na zama zile hakuna taibreka, mnacheza mpaka mmoja apite kwa gemu mbili. Hapo hapo mvua ikashuka na radi juu, radi ikapiga sanamu ya tai iliyokuwa juu ya uwanja ikaanguka chini, watu wanakimbia hovyo, mechi ikaahirishwa hadi kesho yake. Usiku kucha unawaza ile gemu moja. Kesho yake wamerudi, hata robo saa haikufika, Brough kachukua gemu tatu mfululizo, 9-7, imeisha. Wengi hupenda kusema radi ilikuwa ishara kwamba ukuta wa ubaguzi unaanguka, mimi naona radi ilimnyima mtoto wa watu ushindi wake.

Baada ya hapo miaka kadhaa mambo hayakwenda, akahitimu chuo cha Florida A&M mwaka 1953, akawa anafundisha michezo chuoni Missouri, akafikia hadi kuwaza kuingia jeshini aachane na tenisi. Kilichomrudisha ni ziara ya Asia ya 1955 ambayo serikali ya Marekani ilimpeleka, huko akacheza mfululizo akaiva. 1956 akachukua ubingwa wa Ufaransa, mweusi wa kwanza kabisa kushinda Grand Slam, yaani mojawapo ya yale mashindano manne makubwa ya tenisi duniani. Mwaka huo huo akachukua Ufaransa na Wimbledon wawili wawili akiwa na Angela Buxton, Mwingereza Myahudi. Yule naye alikuwa anatengwa kwa Uyahudi wake, wakapatana wao kwa wao. (Kila nikifika hapa namkumbuka Angella Okutoyi wa Kenya, naye 2022 Wimbledon alichukua ya wasichana wawili wawili, nadhani tulishangilia kidogo mno siku ile.)

1957 fainali ya Wimbledon akamchapa Darlene Hard 6-3, 6-2, Malkia Elizabeth mwenyewe akamkabidhi ile sahani ya fedha. New York ikamfanyia gwaride Broadway, makaratasi yanamwagwa kutoka ghorofani, na miezi miwili baadaye Forest Hills kwenye fainali akakutana na nani? Louise Brough yule yule, akampiga 6-3, 6-2. Miaka saba alikuwa anaidai ile gemu. 1958 akatetea vyote viwili, Wimbledon na Marekani. Jumla Grand Slam 11, tano za mmoja mmoja, tano za wawili wawili, moja ya mchanganyiko, mwanamke na mwanaume.

Halafu akastaafu. Miaka 31, namba moja wa dunia, hajaumia, hajashuka kiwango, kastaafu.

Sababu ni hela. Tenisi ile kubwa ilikuwa ya ridhaa, bingwa wa Wimbledon halipwi hata senti, unapewa nauli na posho za kujikimu, ukipokea hela ya mchezo huruhusiwi kurudi. Wenzake wengi walitoka familia zenye uwezo, nyumbani kunawabeba. Yeye hata kodi ya nyumba inamtoa jasho. Aliwahi kusema mwenyewe kwamba kuwa malkia wa tenisi ni jambo zuri ila taji haliliwi. Akajaribu kila kitu: akarekodi muziki, akaigiza kwenye filamu, 1959 akawa anazunguka na Harlem Globetrotters, yaani watu wamekuja kuangalia basketi yeye anacheza tenisi kabla ya mechi kuanza, bingwa wa dunia anatumika kuchangamsha ukumbi! 1964 akaingia gofu ya kulipwa ya wanawake, mweusi wa kwanza na huko, na zipo klabu zilizomkatalia kuingia ndani akawa anabadilisha viatu ndani ya gari. Gofu nako hakushinda hata shindano moja.

Na angalia muda ulivyomfanyia. Wimbledon ilifungua milango kwa wa kulipwa 1968, Billie Jean King akapata pauni 750 kwa ubingwa. Althea ana miaka 40. Mwaka 2025 bingwa kapewa pauni milioni 3. Kwa hiyo mtu anayelinganisha idadi ya Grand Slam za watu wa leo na zake halafu anaweka nukta, hajamtendea haki, huyu alikatishwa na njaa akiwa kileleni.

Miaka ya tisini alikuwa mgonjwa, kapata kiharusi, hela ya dawa hana, kodi hana, yuko East Orange, New Jersey, kajifungia. Akampigia simu Angela Buxton kumuaga, alikuwa amekata tamaa ya kuishi. Angela hakukubali. Akatuma hela yake, akahakikisha habari imetoka kwenye jarida la tenisi, na bahasha zikaanza kumiminika kutoka kila kona ya dunia, hundi na noti, kutoka kwa watu ambao wengine hawajawahi kumuona akicheza. Akaishi mpaka tarehe 28 Septemba 2003.

Sanamu yake pale US Open imekuja kuwekwa 2019, miaka 62 tangu achukue ubingwa wa Marekani mara ya kwanza. Kuchelewa huko mimi siwezi kukusifia. Angela Buxton aliwahi kuiona, alikuwepo siku inazinduliwa akiwa na miaka 85, na mwaka uliofuata akafariki. Naye habari zake nitaziandika, maana baada ya Wimbledon 1956 yaliyomkuta kwenye mkono wake na kwenye maombi yake ya uanachama wa klabu ya Wimbledon ni marefu.