Uduvi wangu wekundu wana mayai

Jana usiku nikamulika tochi ya simu kwenye tenki langu hapa Tabata, jike mmoja kabeba mayai chini ya tumbo, ya manjano, kama 20 hivi, anayapepea na vimiguu vyake bila kupumzika yasije yakaota ukungu. Aisee nimekaa chini kumwangalia karibu nusu saa!

Hawa ni wale uduvi cheri, asili yao Asia Mashariki, wanazaliana kwenye maji baridi tu, yaani yasiyo na chumvi, na watoto wakitotolewa wanakuwa vile vile kama wazazi ila wadogo mno, milimita 2 hivi, unaweza ukawanyonya na mpira wakati unabadilisha maji usijue.

Tatizo kubwa la Dar ni joto. Maji yakipita nyuzi 30 hewa inapungua wanaanza kulegea, kwahiyo mi nimeelekeza feni ndogo juu ya maji, yanashuka nyuzi mbili tatu, inatosha. Maji ya bomba nayo usimwage moja kwa moja, tumia dawa ya kutoa klorini kwanza. Na dawa za samaki zenye shaba hapana kabisa, mi niliwahi kupoteza tenki zima kwa siku moja, iliniuma sana.

Halafu jamani msichanganye wekundu na wa bluu, vizazi viwili vitatu mbele mnabaki na wa kahawia watupu.