Kumbukumbu ya mti wa ukoo: baba mdogo aliyekaa kwenye tawi lisilo lake

Baada ya wiki saba za kugombana na tawi moja tu la ukoo wetu, jana usiku tawi hilo lilikaa sawa, nami ninaandika haya kabla sijasahau nilivyokosea.

Kosa linamhusu mzee mmoja wa Kibosho, Kilimanjaro, ambaye tangu utotoni ninamwita baba mdogo. Nilipomhoji mwaka jana alinitajia jina la baba yake, nalo lilikuwa jina la babu yangu mzaa baba. Nikamwandika papo hapo kuwa mdogo wake baba, tumbo moja, na watoto wake wakakaa karibu nami kabisa. Kisha nikapata tarehe yake ya kuzaliwa katika kitabu cha ubatizo, na hesabu ikagoma: bibi yangu alikuwa amezaa watoto wawili mwaka 1941 kwa kupishana miezi minne. Badala ya kurudi nyuma na kujiuliza, nilimwoza babu mke wa pili. Mke huyo alikaa ndani ya kompyuta yangu kwa wiki tatu, akiwa na kisanduku chake na alama ya kuuliza mahali pa jina, mpaka shangazi alipomwona kwenye karatasi niliyochapisha, akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyenipa uzushi huo kuhusu baba yake, mzee wa kanisa.

Ninakiri kwamba dalili zilikuwapo tangu mwanzo. Shangazi husema babu alizaliwa mwaka reli kutoka Tanga ilipofika Moshi, yaani 1911, ilhali baba mdogo alisema baba yake alizaliwa mwaka Mangi Meli, chifu wa Wachagga, aliponyongwa kule Old Moshi, yaani 1900. Nilidhani ni usahaulifu wa wazee. Wazee hawakusahau chochote. Walikuwa wanazungumzia watu wawili. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, kwa hiyo ndugu wawili wakishapata kila mmoja kifungua mimba wa kiume, ukoo unakuwa na wajukuu wawili wenye jina moja, ambalo pia ni la babu yao. Ukiingiza watu hao katika programu bila kuangalia mama zao, utawaunganisha kuwa mtu mmoja, kama nilivyofanya.

Hata hivyo jina peke yake lisingenipoteza kama nisingeliamini mno neno baba mdogo. Istilahi zetu za ukoo zinaeleza kizazi kwa uaminifu mkubwa, lakini hazielezi umbali. Kwa matumizi ya wazee, binamu ni mtoto wa mjomba au wa shangazi tu. Mtoto wa baba mkubwa au wa baba mdogo ni kaka au dada, na ndugu wa baba wa upande huo, hata wakikutana na baba yangu juu sana kwenye mti, wote ni baba zangu. Ni adabu nzuri, nami sitaki ibadilike, ila mchora mti wa ukoo anayeigeuza adabu hiyo kuwa data atapotea.

Kilichonitoa hapo ni swali, wala si kompyuta. Niliacha kumuuliza mzee yeye ni nani kwangu, nikamuuliza: wewe na baba yangu mnakutana kwa nani? Alijibu bila kusita, akitaja na wake wawili wa mzee huyo: baba yake alitokana na nyumba ya mke mkubwa, babu yangu na ya mke mdogo. Mzee wanayekutana kwake ndiye babu wa babu yangu. Baba mdogo ni kitukuu wake na mimi ni kilembwe wake. Yeye yuko hatua 3 kutoka kwa mzee huyo na mimi niko hatua 4. Kwa kanuni ya Kiingereza ya kupanga madaraja ya binamu unachukua namba ndogo na kutoa 1, kwa hiyo ni binamu wa daraja la pili, na tofauti ya hatua inaonyesha kwamba tumepishana kizazi kimoja. Watoto wake niliwaweka mahali pa watu ambao kwa wastani ningechangia nao asilimia 12.5 ya vinasaba. Kumbe sote ni vilembwe, na kwa kuwa tunatokana na wake tofauti, wastani haufiki hata asilimia 0.4. Tutaendelea kuitana kaka na dada.

Kuhusu vifaa, bado ninaipenda Gramps, programu ya kompyuta ya kuchora mti wa ukoo, kwa sababu ni ya bure na huhitaji kuandika kwamba fulani ni binamu wa fulani: unaingiza wazazi na watoto, nayo inakokotoa uhusiano yenyewe. Programu ya simu niliyoanza nayo iliniruhusu kuandika uhusiano wowote, na takataka zake ninazisafisha mpaka leo. Lakini karatasi ya manila ukutani inazishinda zote mbili, kwa kuwa shangazi anaweza kuisoma na kunikemea.

Nilikuwa nimepanga kuhamia upande wa mama mwezi huu. Mpango huo nimeuweka kando, kwa sababu mzee alipotaja zile nyumba mbili alionyesha kwa mkono mstari wa masale, mimea ya kuwekea mipaka, unaotenganisha vihamba viwili, yaani mashamba ya ukoo, akasema ulipandwa wakati wa kuwagawia watoto wa wale wake. Ikiwa mipaka mingine nayo ilifuata mama, basi ramani ya vihamba itanionyesha ni nani walikuwa tumbo moja hata pale majina yanapojirudia. Jumamosi ninapanda Kibosho na daftari tupu, na baba mdogo ameahidi kunitembeza sale kwa sale kadiri miguu yake itakavyomruhusu.